Siku nne, mashimo tisa, mkonge pande zote

Alhamisi, 7 Agosti

Kondakta aliutazama mkoba wangu kama mtu aliyeona bunduki. "Mama, humo mna nini?" Nikamwambia fimbo za gofu. Akaushika shingoni, akautikisa, vyuma vikalia ndani, akamwita mwenzake. Wakateta pembeni, kisha hukumu ikatoka: mzigo mrefu, elfu kumi na tano. Nikabishana mpaka abiria wa nyuma yangu wakaanza kuguna, nikalipa. Mkoba ukaingizwa kwenye buti, juu ya maboksi ya vifaranga. Jina la kampuni ya basi silitaji, maana Jumapili nitarudi nayo hiyohiyo.

Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi mpaka Tanga ni kama kilomita 350. Chalinze tulikula mahindi ya kuchoma, Segera tukakunja kulia tukawaachia wa Moshi na Arusha njia yao. Baada ya Hale mkonge ukaanza. Mistari imenyooka kama daftari la hesabu, inakimbia mpaka chini ya vilima. Muheza machungwa yamepangwa kando ya barabara kwenye ndoo na vikapu, dereva naye akasimama kununua yake, sisi tukasubiri.

Ninakokwenda ni uwanja wa gofu wa mashimo tisa ndani ya shamba la mkonge, upande wa kati ya Pongwe na Muheza. Mabwana shamba wa enzi za wakoloni walijichongea pa kuchezea jioni. Wao walishaondoka, uwanja ukabaki na ng'ombe. Rafiki yangu tunayecheza naye Lugalo, ule uwanja wa jeshi pale Dar, alikwenda mwaka juzi akarudi kimya kimya. Nilipombana akasema, "Nenda mwenyewe. Utarudi umenyooka."

Nimecheza gofu miaka sita na hendikapu yangu ni 16. Kwa asiyejua, ni kwamba uwanja unaotakiwa kumalizwa kwa mikwaju 72 mimi naukamilisha kwa kama 88 siku nikiwa sawa, na ile 16 napunguziwa ili nishindane na wanaonizidi. Si haba. Ndivyo nilivyojiambia humo basini.

Kutoka stendi ya Kange nikachukua bajaji mpaka Ngamiani kwa shangazi. Alikuwa ameniwekea mbaazi za nazi na maandazi chini ya kawa. Akaukagua mkoba. "Mtu mzima na akili zako, mwanangu, unatoka Dar kuja kufukuza kigololi porini?" Nikamjibu ndiyo, shangazi. Akaniongeza mbaazi.

Ijumaa, Nane Nane

Daladala ya asubuhi mpaka Pongwe, halafu bodaboda. Kijana wa boda aliufunga mkoba kwa mpira, mimi nikaukumbatia mgongoni mwangu kama mtoto mgonjwa. Njia ya shamba ni vumbi jekundu, na harufu unaipata kabla hujaona kitu. Makapi ya mkonge kutoka korona, yaani mashine ya kukamua nyuzi, yana uchachu fulani, hayanuki vibaya na hayanuki vizuri.

Anayeutunza uwanja ni mzee mmoja aliyekuwa kedi, mbeba fimbo za wachezaji, tangu utotoni. Nitamwita mzee wa brauni, ndivyo vijana wa pale wanavyomwita.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Za Dar? Nambie, umekuja na jeshi?"

Alikuwa anaulenga mkoba. Sheria inaruhusu fimbo 14 na mimi ninazo zote 14. Akazitoa moja moja, akazipima mkononi, akachagua tano: chuma namba tano, namba saba, namba tisa, weji moja ya kupandisha mpira juu, na ya kusukumia mpira shimoni. Draiva yangu, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, niliyoinunua kwa pesa ambazo mume wangu hajaambiwa mpaka leo, akaiegemeza ukutani. "Hii mke wangu ataanikia singa za mkonge."

Kisha akanieleza kwamba leo tunacheza mashimo matatu tu. Brauni alizowahi kuziburuza, yaani kuzisawazisha kwa ubao, ni tatu. Za mbele ng'ombe wamepita usiku.

Brauni ndiyo habari yenyewe ya uwanja huu. Kwenye uwanja wa kawaida shimo limekaa kwenye grini, yaani majani mafupi laini kama zulia. Huku majani ya namna hiyo yangekufa Januari. Kwa hiyo kila shimo limezungukwa na duara la mchanga, upana wake kama hatua kumi na tano, na mchanga huo umechanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Una rangi ya kahawa, unang'aa kidogo jua likiwa pembeni, na ukiukanyaga unabaki na alama yako mpaka mtu aifute. Bendera ni kipande cha kanga. Mlingoti wake ni mlingoti kweli, ile nguzo inayochipuka katikati ya mkonge ukishazeeka. Nilipoushika ulikuwa mwepesi kama mkate mkavu.

Shimo la kwanza, mikwaju minne, yadi 320. Linateremka taratibu kuelekea mwembe. Babu alichota mchanga mbichi kwenye kifuniko cha soda, akakipindua chini, akakinyanyua. Kikabaki kifungu kidogo kama cha mtoto anayecheza kupika. Juu yake akaweka mpira. Tii za mbao, vile vijiti vya kuwekea mpira, anazijua, anasema zinavunjika bure.

Mkwaju wa kwanza ulikwenda vizuri. Zikabaki kama yadi 90. Nikachukua weji, nikapiga kama ninavyopiga Lugalo, mpira ukapanda, ukaning'inia hewani, ukashuka katikati kabisa ya brauni. Nikageuka nisifiwe. Nyuma yangu nikasikia *taa!* kama jiwe juu ya bati. Chini ya ule mchanga wa kidole kimoja kuna udongo ulioshindiliwa miaka na miaka. Mpira wangu uliruka mpaka ng'ambo, ukatokomea kwenye majani kama mbuzi aliyekatika kamba.

Babu hakucheka. Akasema, "Wewe unaupeleka mbinguni. Shimo liko chini."

Nilicheza shimo hilo mara nne siku hiyo. Anachotaka ni hiki: chukua chuma namba saba, piga nusu mkono, mpira uangukie hatua ishirini kabla ya brauni, ujiviringishe wenyewe. Lakini hizo hatua ishirini nazo zina mambo yake, kuna kijia cha ng'ombe, kuna mzizi, kuna mteremko usiouona kwa macho. Yeye anatembea peku. Anatangulia, anakwenda na kurudi, kisha ananyoosha kidole. "Hapa." Nikipiga pengine, mpira unapotea njia. Nikipiga hapo, unaingia brauni kwa adabu.

Shimo la pili ni mikwaju mitatu, yadi 150, unavuka mtaro wa zamani wa maji ya korona. Upepo wa kusi unakata kutoka kulia. Nilipoteza mipira miwili mtaroni. Watoto wanne walikuwa wamekaa ng'ambo, miguu inaning'inia, wanasubiri kama mwewe. Mpira ukitumbukia wanautazama tu, hawasemi. Wataushukia ukishaondoka.

La tatu lina mkonge pande zote mbili, na uwazi wa katikati si mpana kuliko barabara yetu ya Ngamiani. Nikapiga kushoto. Tuliukuta mpira umekaa ndani ya mmea, katikati ya majani, salama salimini, na miiba yote imeelekezwa kwangu. Sheria ipo: unakubali mkwaju mmoja wa adhabu, unapima urefu wa fimbo mbili, unadondosha. Babu akanyoosha mkono bega likiwa sawa ili adondoshe. Nikamwambia tangu 2019 mpira unadondoshwa kutoka usawa wa goti. Na muda wa kuutafuta uliopotea ni dakika tatu, si tano tena.

"Goti la nani?" akauliza. "Langu linauma kuinama. Na hizo dakika wamezipunguza kwa sababu kwao hakuna mkonge."

Mkonge wenyewe si mwenyeji. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani mwaka 1893. Katika hiyo 62 ukatoka mkonge uliojaza mkoa mzima, mpaka mwaka 1964 nchi ikavuna zaidi ya tani 200,000. Halafu nailoni ikaja ikashusha bei. Nilikuwa nayawaza hayo nikiwa nimepiga magoti natafuta mpira mwingine, mwiba umenishika mkono wa shati. Sitini na mbili. Ingekufa yote mpira wangu ungekuwa salama.

Jumamosi, 9 Agosti

Kusi umeamka mapema. Bahari ya Raskazone, nilipopita kunywa chai, ilikuwa na povu mpaka mbali. Nikajua nitapata taabu.

Leo babu ameburuza brauni za nne, tano na sita. Nilimkuta bado yuko kazini nikaomba nijaribu. Chombo chake ni ubao wa urefu wa mkono, umefungwa gunia chini, na kamba ya mkonge ya kuvutia. Unaanzia shimoni, unazunguka kwenda nje kama konokono, hunyanyui. Ukinyanyua, mchanga unabaki na kovu. Nilinyanyua mara tatu. Akarudia yote bila kusema neno, na mimi nikasimama kando nikiona aibu ya ajabu, kama bibi harusi aliyeunguza wali wa kwanza.

Sheria ya pale ni kwamba mpira wako ukifika brauni unaruhusiwa kuburuza mstari mmoja kutoka mpira mpaka shimoni, mara moja tu. Halafu unasukuma. Shimo ni lilelile la dunia nzima, milimita 108, na mpira hauruhusiwi kupungua milimita 42.67. Kwa hesabu hiyo nafasi ni tele. Lakini mchanga unaushika mpira. Grini ukiugusa unateleza, brauni lazima uuambie. Mikwaju yangu yote ya kwanza ilifia njiani, nusu hatua kabla.

Shimo la nne ndilo refu, mikwaju mitano, yadi 480, sambamba na reli. Reli ya Tanga walianza kuijenga 1893, mwaka uleule wa Hindorf, na Muheza ikafika 1896. Ukivusha mpira ng'ambo ya reli umetoka nje ya uwanja, unarudi ulipopigia na mkwaju wa adhabu juu. Kusi wote unasukuma upande huo. Niliupeleka huko mara mbili. Mara ya pili mpira uligonga chuma cha reli, ukatoa mlio mzuri mno, ukarudi wenyewe uwanjani. Babu akanipa mkono. "Wazungu walikujengea."

La tano ni la kichekesho. Yadi 130, mikwaju mitatu, na mbele ya brauni kuna kichuguu kirefu kuliko mimi. Huwezi kukiruka kwa sababu ukikiruka unaangukia brauni kwa nguvu na hadithi ya shimo la kwanza inarudi. Kukizunguka, kulia mtaro, kushoto mkonge. Nilipoteza robo saa nikipima upepo kwa majani makavu kama ninavyowaona wa kwenye televisheni. Babu akachukua chuma namba tisa, akapiga bila hata kusimama sawasawa, mpira ukagonga bega la kichuguu, ukapoteza nguvu, ukaviringika upande wa pili mpaka hatua mbili kutoka bendera. Akanirudishia fimbo. Nilijaribu mara kumi na moja. Mara moja ilikubali.

Kabla ya la sita tulipumzika tukala machungwa. Binti mmoja kati ya wale watoto, wa darasa la tano hivi, akasogea akauliza kama wanawake wanacheza huu mchezo kweli au ni mimi tu. Nikamwambia yuko dada wa Arusha, Madina Iddi, kaichezea Tanzania mpaka nje ya nchi. Akafikiri. Akauliza, "Na yeye mipira yake inapotea?" Nikasema inapotea. Nikaona ameridhika.

La sita lina mbuyu katikati ya njia, na ndani ya mbuyu mna nyuki. Babu alisimama mbali akanipa masharti: hakuna kelele, hakuna manukato, na ukipiga mpira ukagonga mti, usiufuate, hesabu umepotea. Kwenye viwanja vingine mpira ukielekea kwa watu unapiga ukelele, "Foo!" Hapa unapiga mluzi mdogo.

Nyuki wa Tanga wana rekodi yao. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililotoka India lilishuka pwani hapa kuuchukua mji kwa Wajerumani wa Lettow-Vorbeck. Risasi zilipovuruga mizinga, nyuki wakawavamia askari, na hawakuchagua bendera, ila Waingereza ndio waliorudi merikebuni wameshindwa. Nikiwa mbele ya mbuyu ule, mkononi chuma namba tano, nilimwelewa kila askari aliyetupa bunduki akakimbia.

Nikapiga kulia kwa mbali, nikazunguka, nikakamilisha kwa mikwaju saba. Babu anasema ni busara. Nadhani alimaanisha ni woga.

Usiku kwa shangazi nilikanda miguu kwa maji ya chumvi. Hapo ndipo nikagundua kwamba tangu shimo la pili nilikuwa nimevua viatu na kutembea peku nyuma ya babu, na sikumbuki nilipofikia uamuzi huo.

Jumapili, 10 Agosti

Brauni zote tisa ziko tayari. Leo nahesabu. Walikuwapo na wanaume watatu kutoka mjini, huwa wanakuja Jumapili na kumwachia babu chochote kitu. Walinikaribisha vizuri, mmoja akaniuliza kama mashimo tisa si machache kwa mtu wa Dar. Nikamwambia hata hiyo 18 ni desturi tu, St Andrews kule Uskoti walikuwa na 22, mwaka 1764 wakaunganisha mafupi yao wakabaki na 18. Wangeunganisha zaidi sote tungekuwa tunacheza tisa. Akacheka, akanitangulia.

Uwanja mzima ni mikwaju 35. La kwanza tano, la pili nne, la tatu tano bila kugusa mkonge. La nne sita. La tano, kichuguu kikakubali mara ya kwanza, nikasukuma mara mbili, tatu. Pale nilipiga kelele, na mbuyu hauko mbali, babu akanikazia macho. La sita tano. Mikwaju 28 kwa mashimo sita, na nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe kichwani wa kumtumia yule rafiki wa Lugalo.

Kisha la saba.

Kwenye karatasi ni jepesi kuliko yote: yadi 270, mikwaju minne, hakuna mtaro, hakuna reli, hakuna mti. Linapanda kilima na brauni iko juu kabisa, imekaa kwenye mgongo kama wa kobe. Mkwaju wangu wa kwanza ulifika vizuri, wa pili ukapanda, ukafika ukingoni mwa brauni, ukasimama. Nikaona kabisa umesimama. Kisha ukawaza. Ukaanza kurudi, polepole, ukaongeza mwendo, ukapita mbele ya miguu yangu, nikaukwepa usinipate, ukaenda kukaa hatua arobaini chini. Wa tatu vilevile. Wa nne nikaupiga kwa hasira ukavuka kilima ukateremkia upande wa pili, ambako nako kuna mteremko. Wale wanaume walikuwa wamemaliza, wameegemea fimbo zao, kila mmoja anatazama mahali ambapo si mimi. Hiyo ndiyo adabu ya gofu na inauma kuliko kuzomewa.

Babu akanijia. Nilidhani ataninyooshea kidole pa kuangushia. Akapiga goti lile linalomuuma, akaweka kiganja juu ya udongo, akaniambia niweke changu. Udongo ulikuwa na ubaridi upande mmoja. Kwenye kilima kizima kuna mkunjo mdogo, mpana kama kitanda cha kamba, ambao kivuli cha asubuhi huutoka mwisho, na majani yake yana unyevu bado. Mpira ukiangukia hapo unashikwa. Ukiangukia kwingine kote unarudi nyumbani.

Sasa nilikuwa upande wa pili wa kilima, mkunjo hauko kwangu. Ilibidi nirudi nyuma kwanza. Jumla tisa.

La nane nilicheza kwa nne na silikumbuki.

La tisa linaelekea nyumba ya bwana shamba. Limebaki jukwaa la saruji na ngazi saba, juu hakuna kitu, mpapai umeota sebuleni. Brauni iko mbele ya ngazi, karibu mno, na mpira ukizidi unagonga saruji na kurudi nyuma yako. Nikaangushia nyuma hatua ishirini, chuma namba saba, nusu mkono. Ukaviringika ukaingia brauni. Babu alinipa ubao nijiburuzie mstari mwenyewe. Sikunyanyua. Nikasukuma mara mbili, mpira ukaanguka kwenye kopo na ule mlio wake wa bati. Tano. Jumla 46.

Wakati nakusanya draiva yangu (kweli ilikuwa imetundikwa singa, ikabidi nisubiri zikunjwe), wale watoto walikuja na ndoo ya plastiki. Mipira ya kuuza, elfu moja mmoja. Mmoja una nukta nyekundu ya rangi ya kucha.

"Huu ni wangu," nikasema.

"Ulikuwa wako," binti akajibu, kwa upole kabisa.

Nikanunua wangu watatu.

Nilipita kwa shangazi kuaga na kuchukua mfuko wa machungwa. Alikuwa barazani anachambua mchele.

"Haya, umeshinda?"

"Nimepata arobaini na sita, shangazi."

"Kati ya ngapi?"

"Thelathini na tano."

Akaweka ungo chini, akapiga makofi. "Na umezidisha! Hongera, mwanangu."